Maji Maji kwa akili mnemba: Nani atajitaja kuwa msimulizi?

Na Mwandishi Wetu

MTU anayetaka kutengeneza filamu ya Vita vya Maji Maji leo hahitaji tena jeshi la kukodi. Hahitaji farasi, bunduki za kale, mamia ya waigizaji wa kujaza uwanja wala kijiji cha kuigiza kitakachochomwa moto mbele ya kamera. Akiwa na simu nzuri iliyonunuliwa katika maduka ya Kariakoo, bando la intaneti na programu ya akili mnemba, anaandika sentensi chache, anasubiri kidogo, kisha analetewa askari wa Kijerumani wakivuka mto chini ya mvua ya mishale.

Kipande hicho kitakuwa cha sekunde chache tu. Lakini vipande vikiunganishwa, vikatiwa muziki na sauti ya msimulizi, vinakuwa filamu. Na filamu hiyo, hata iwe na makosa ya namna gani, itawafikia vijana wengi kuliko kitabu chochote cha historia kilichopo kwenye rafu za maktaba zetu.

Hapo ndipo penye habari njema na penye hatari. Kwa mara ya kwanza tangu sinema iingie nchini, fedha zinaelekea kuacha kuwa kizuizi kikubwa cha Watanzania kusimulia historia yao kwa picha. Swali linalobaki ni zito zaidi: picha hizo zitakuwa za nani, zitatokana na kumbukumbu za nani, na nani atawajibika zikisema uongo?

Kizuizi kilikuwa fedha

Filamu kubwa za historia siku zote zimekuwa kazi ya matajiri na serikali. Katika filamu ya Gandhi iliyotoka mwaka 1982, tukio la mazishi peke yake lilikusanya watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilitoka filamu kuhusu Omar Mukhtar, mzee aliyeongoza mapambano dhidi ya Wataliano nchini Libya. Filamu hiyo iliyoongozwa na Moustapha Akkad ilitumia takriban dola milioni 35 za Marekani, na mlipaji alikuwa serikali ya Muammar Gaddafi. Bila mafuta ya Libya, shujaa huyo asingepata filamu ya ukubwa ule.

Sisi hatukuwa na mafuta. Shirika la Filamu Tanzania lilianzishwa mwaka 1968, lakini katika maisha yake yote lilitoa filamu chache za hadithi. Ilipoibuka Bongo Movie mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, watengenezaji walitumia kamera za video za kawaida na nyumba za kuazima. Ndiyo maana hadithi nyingi zilikuwa za sebuleni: mapenzi, usaliti, mirathi na uchawi. Wakosoaji waliwalaumu wasanii kwa kukosa ubunifu, wakasahau kwamba sebule ndiyo mandhari ya bei nafuu kuliko zote. Huwezi kupiga picha ya vita vya Lugalo vya Agosti 17, 1891 katika sebule ya Sinza.

Hesabu hiyo imebadilika kwa kasi. Februari 2024, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilionyesha programu yake ya Sora, yenye uwezo wa kugeuza maandishi kuwa video. Mei 2025, Google ilitoa Veo 3, ambayo ilitengeneza vipande vya sekunde nane pamoja na sauti za watu na milio ya mazingira. Malipo ya mwezi ya kifurushi cha juu kilichobeba huduma hiyo yalikuwa dola 249.99 nchini Marekani ilipozinduliwa. Kwa mwananchi wa kawaida ni fedha nyingi. Kwa mtu anayelinganisha na dola milioni 35, ni karibu na bure.

Oktoba 2025, India ilirusha tamthilia ya Mahabharata iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ikiwa na majeshi, magari ya vita na majumba ya kifalme ambayo hayakuwahi kusimama mbele ya kamera. Januari 2026, kampuni ya mwongozaji wa Marekani, Darren Aronofsky, ilianza kutoa mfululizo wa filamu fupi za namna hiyo kuhusu mapinduzi ya nchi yake ya mwaka 1776. Kazi zote mbili zilikosolewa vikali na baadhi ya watazamaji. Lakini zimeonyesha njia, na njia ikishafunguliwa haikai tupu. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekua na sinema za Kihindi za Empire, Avalon na Odeon hahitaji kuambiwa jinsi yanayotoka Mumbai yanavyofika Kariakoo upesi.

Kamera ilikuwa ya nani

Kabla hatujashangilia, ni vema kukumbuka kwamba historia ya nchi hii imeshawahi kutengenezewa filamu kubwa. Ilitengenezwa na utawala wa Wanazi.

Mwaka 1941, Ujerumani ilitoa filamu iliyoitwa Carl Peters, ikimtukuza mtu aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya misalaba ya machifu, na kuiita mikataba. Peters huyo ndiye ambaye wenyeji walimpa jina la Mkono wa Damu. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili aliouonyesha Kilimanjaro. Katika filamu aligeuka shujaa aliyesalitiwa na wanasiasa. Na kwa kuwa watengenezaji walihitaji Waafrika wa kujaza picha, walitumia wafungwa wa vita weusi waliotekwa kutoka katika majeshi ya Ufaransa.

Huo ni mfano wa kupita kiasi, lakini ndani yake kuna kanuni. Mwenye vifaa ndiye aliyechagua shujaa. Waafrika waliletwa kuwa mandhari.

Waingereza nao walikuwa na yao. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika uliweka makao yake Vugiri, Tanga, ukatengeneza filamu za kuwafundisha wenyeji usafi, kilimo na kuweka akiba. Miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo mwigizaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Rais. Zilipendwa, na Kawawa alikuwa nyota. Hata hivyo, hadithi ya bwana shamba na mjinga aliyekuja mjini ilikuwa ndani ya mipaka iliyowekwa na mkoloni. Hakuna aliyempa Kawawa nafasi ya kumwigiza Kinjeketile.

Mashine imejifunza wapi

Akili mnemba haina kamera. Inachofanya ni kujifunza kutokana na mamilioni ya picha na video zilizokwishatengenezwa na watu, ikatambua vitu gani huambatana na vipi, kisha ikakisia picha inayolingana na maneno iliyopewa. Haikumbuki tukio. Inakisia sura ya tukio.

Sasa tujiulize: kwa habari za kusini mwa Tanganyika mwaka 1905, mashine imejifunza kutoka wapi? Picha nyingi za wakati ule zilipigwa na maofisa wa Kijerumani, wamisionari na wafanyabiashara. Zinaonyesha walichotaka kuonyesha: boma jipya, gwaride, wafungwa wakiwa na minyororo shingoni. Umatumbi wenyewe haukuwa na mpiga picha. Palipo na pengo, mashine haisemi kwamba hapa sina habari. Inajaza kwa kile ilichokiona mara nyingi kwingineko, yaani Afrika ya filamu za Marekani, yenye ngao za Kizulu, shuka nyekundu za Kimasai na simba nyuma ya kila kichaka.

Hata kampuni zenyewe zimewahi kuumbuka. Februari 2024, Google ililazimika kusitisha kwa muda uwezo wa programu yake ya Gemini kuchora watu, baada ya programu hiyo kuchora askari wa Ujerumani ya Wanazi wakiwa na sura za Waafrika na Waasia. Dunia ilicheka kwa sababu kila mtu anajua askari wale walikuwaje. Nani atacheka mashine ikikosea vazi la Mngoni, nyumba ya Mpogoro au silaha ya Mmatumbi? Kosa ambalo hakuna anayeweza kuligundua ndilo hugeuka kuwa ukweli.

Kuna jambo kubwa zaidi ya mavazi. Vita vya Maji Maji havikuanza kwa mkuki. Vilianza kwa pamba. Chini ya Gavana von Götzen, wananchi walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja, wakisimamiwa na maakida, kwa malipo ambayo hayakufaa hata kulipia kodi. Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Kitendo hicho cha kimya, cha mikono iliyoshika mche na kuuvuta, ndicho kilichotangaza vita. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa dawa ya maji, alinyongwa Agosti 4, 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaenea.

Aidha, waliowapiga risasi wananchi hawakuwa Wazungu watupu. Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini askari walio wengi walikuwa Waafrika: Wasudani, watu waliotoka Msumbiji, na wengine wa humu humu nchini. Na waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa, kwa sababu majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ili kuwavunja watu nguvu. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Iambie mashine itengeneze vita, itakupa mapanga, moshi na kelele. Haitakupa ghala tupu la mtama wala mama anayechimba mizizi porini, mpaka awepo mtu anayeijua historia na kuiamuru ifanye hivyo. Filamu ya Maji Maji isiyo na njaa ni filamu ya vita vingine.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kumbukumbu zipo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona vita hivyo kwa macho yao. Kuna utenzi wa vita hivyo wa Abdul Karim bin Jamaliddini, na kabla yake utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Mrima vya mwaka 1888 na 1889, wakati wa Abushiri wa Pangani. Hizo ni sauti za watu wa hapa, kwa lugha ya hapa. Mashine inaweza kulishwa hizo. Lakini haitazitafuta yenyewe.

Msimulizi asiyejitaja

Katika tenzi zetu kuna desturi ambayo wengi hawaitilii maanani. Mshairi hujitaja. Mwishoni, mara nyingi, hueleza jina lake, ukoo wake na pengine siku aliyomaliza kazi. Msikilizaji anajua maneno haya ni ya nani, ametoka upande gani, na akitaka kubishana anajua abishane na nani.

Desturi hiyo haikufa na tenzi. Wakazi wa Dar es Salaam wanawakumbuka watafsiri wa kanda za video, na aliyevuma kuliko wote ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Alichukua filamu za Hong Kong, India na Marekani, akaweka sauti yake juu yake, akaeleza, akaongeza utani, akawapa wahusika tabia za Manzese na Tandika. Mara nyingine alisema mambo ambayo hayakuwemo kabisa katika filamu. Lakini hakuna aliyedanganywa. Kila aliyekaa kwenye kibanda cha video alijua kwamba anayesema ni Lufufu, siyo mwigizaji. Raha yenyewe ilikuwa humo.

Vivyo hivyo kwa Ebrahim Hussein. Tamthilia yake ya Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969 imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Kinjeketile wa jukwaani ni wa Hussein, na jina la mwandishi liko kwenye jalada. Mwalimu anaweza kuuliza darasani: mwandishi amebadilisha nini, na kwa nini?

Filamu ya akili mnemba isiyo na jina inakata uzi huo. Picha inakuja ikiwa na vumbi, jasho na rangi ya kanda ya zamani, kana kwamba mtu alikuwepo Ngarambe na kamera. Inatumwa kwenye simu, inakatwa, inatumwa tena, na ikifika mara ya tatu hakuna anayejua ilianzia wapi. Hatari yake siyo ubunifu. Ubunifu tumeuzoea. Hatari ni ubunifu unaovaa nguo za ushahidi.

Wazao wana neno

Kwa baadhi ya familia, jambo hili si mjadala wa sanaa. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, katika mauaji ambayo mji wa Songea huyakumbuka kila Februari 27. Familia yake imekuwa ikitafuta kichwa chake kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa Machi 2, 1900, na wazao wake nao wanatafuta. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na wazao na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Mwaka uliofuata, filamu ya kumbukumbu ya The Empty Grave, iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay pamoja na Mjerumani Agnes Lisa Wegner, ilioneshwa katika tamasha la Berlin ikifuatilia msako huo.

Filamu ile haikuhitaji kumfufua Nduna. Nguvu yake ilikuwa katika kaburi lisilo na kichwa na watu walio hai wanaolisimamia. Sasa fikiria kijana asiyejua lolote kuhusu familia hiyo akimtengeneza Nduna kwa mashine, akampa uso, sauti na maneno, akamfanya acheze au atangaze bidhaa. Ukoo ambao haujakabidhiwa mabaki ya babu yao utakuwa umekabidhiwa kikaragosi chake.

Jambo kama hilo limekwishatokea kwingine. Oktoba 2025, baada ya watu kutengeneza video za kumdhihaki Dk. Martin Luther King Jr., OpenAI ilikubaliana na wasimamizi wa mirathi yake kusitisha matumizi ya sura yake katika Sora. Familia ya King ina wanasheria na jina linalojulikana dunia nzima. Ukoo wa Songea au wa Old Moshi utampigia nani simu?

Kariakoo iliyotoweka

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni ya Kusini na Kilimanjaro. La hasha. Kariakoo yenyewe ni filamu ya historia ambayo haijatengenezwa.

Jina la eneo hilo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, waliowekwa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wanakadiriwa na wanahistoria kuzidi 90,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Sanamu iliyowekwa katikati ya mji mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hakupewa sanamu. Aliachiwa jina la soko.

Katika mitaa hiyo hiyo aliishi Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Mzulu kutoka Msumbiji, aliletwa na Wajerumani kama askari. Kleist mwenyewe alipigana chini ya von Lettow-Vorbeck, kisha mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association. Mwanawe Abdulwahid alikuwa mmoja wa waliokuwa na Julius Nyerere ilipozaliwa TANU Julai 7, 1954, katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Katika familia moja, kwa vizazi vitatu, kuna askari wa mkoloni, mwasisi wa chama cha Waafrika na mpigania uhuru. Hakuna mashine ingeweza kubuni hadithi hiyo, maana mashine inapenda shujaa awe shujaa tangu mwanzo na adui awe adui hadi mwisho.

Lakini mwongozaji atakayetaka kuipiga picha Kariakoo ya 1954 atasimama wapi? Amil Shivji alipotengeneza Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, alikuwa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao bado una milango, vibaraza na vichochoro vyake. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye baraza mbele, ukumbi katikati na uani nyuma, imemezwa na maghorofa ya biashara. Hata jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 10, 2021.

Kwa hiyo hapa akili mnemba ina hoja ya kweli. Inaweza kusaidia kuirudisha mitaa iliyobomolewa, nyumba kwa nyumba, kwa kutumia ramani za mji, picha zilizomo katika albamu za familia za Gerezani, Ilala na Magomeni, na maneno ya wazee ambao bado wanakumbuka nani alikaa mlango upi. Kazi hiyo haisubiri. Mashine itakuwepo mwaka ujao, na itakuwa bora zaidi. Wazee hawatakuwepo.

Mkate wa wasanii

Upo pia upande wa tumbo. Filamu kubwa inalisha watu wengi: waigizaji wa pembeni, washonaji wa mavazi, mafundi seremala, wapambaji, madereva, mama lishe. Hao wa pembeni ndio wa kwanza kuondolewa na mashine, kwa sababu umati ndicho kitu inachokitengeneza kwa urahisi kuliko vyote. Mwaka 2023, waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, na moja ya hoja zao kuu ilikuwa kampuni kuchukua sura zao na kuzitumia bila ridhaa wala malipo.

Wasanii wetu hawana chama chenye nguvu ya namna hiyo. Wengi wanakumbuka enzi za kanda na DVD, ambapo msanii aliuza kazi yake yote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, kisha akaiona ikiuzwa mitaani ikiwa imenakiliwa. Mkataba kama ule ukiandikwa leo ukiwa na kifungu kinachompa mnunuzi haki ya sura na sauti, msanii atakuwa ameuza zaidi ya filamu. Atakuwa amejiuza yeye mwenyewe, na wanawe hawatakuwa na cha kudai.

Hata hivyo, kupiga marufuku siyo jibu. Kijana wa Buguruni mwenye hadithi nzuri na mfuko mtupu asinyimwe chombo ambacho wenzake wa Mumbai na Los Angeles wanacho. Inafaa mashine ijaze jeshi la nyuma, moshi wa bandarini na paa za makuti, lakini Kinjeketile, mama wa Nandete na askari mwenye dhamira iliyogawanyika waachiwe waigizaji wenye damu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inawafundisha watu wa namna hiyo kila mwaka.

Nini kifanyike

Sheria zilizopo zilitungwa kwa zama nyingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweza kumsaidia msanii aliye hai anayechukuliwa sura yake, lakini shauri la babu aliyenyongwa mwaka 1906 ni gumu zaidi. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Machi 2025 kwamba kazi iliyotungwa na mashine peke yake haiwezi kupata hakimiliki. China, tangu Septemba 1, 2025, inataka maudhui yaliyotengenezwa kwa akili mnemba yawekewe alama. Bodi ya Filamu na COSOTA zina mifano ya kutazama kabla ya kuandika kanuni zetu.

Kanuni ya kwanza iwe nyepesi na ya asili yetu: msimulizi ajitaje. Filamu ya historia iliyotumia mashine iseme hivyo mwanzoni, kwa Kiswahili kinachosomeka, na ieleze mwishoni ni picha zipi zimebuniwa na ni maelezo ya nani yaliyofuatwa. Ya pili, sura ya mtu wa historia mwenye wazao wanaojulikana isitumike kibiashara kabla hawajaulizwa. Ya tatu, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, TBC na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waziweke hazina zao katika mfumo ambao mtengenezaji wa kawaida anaweza kuzifikia kwa ada anayoimudu. Sauti za wazee zikibaki makabatini, mashine itaendelea kujifunza historia yetu kutoka kwa waliotupiga picha tukiwa na minyororo.

Hatua hizo tatu hazihitaji fedha za mafuta. Zinahitaji uamuzi, na uamuzi huo uje kabla soko halijafurika kazi zisizo na mwenyewe. Mwaka 1941, Carl Peters alifanywa shujaa wa sinema na watu ambao hawakumwuliza Msagara hata mmoja. Wakati ule hatukuwa na kamera, na hakuna wa kutulaumu. Safari hii chombo kimo mikononi mwetu, kinauzwa Aggrey na Msimbazi, na tukisimuliwa vibaya tena lawama itakuwa yetu.